Tupeane uzoefu: mliosoma uhandisi wa elektroniki na mawasiliano, somo gani liliwanyoosha na lipi linawalisha leo?

Mwana_Raskazone
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza PCM (fizikia, kemia na hesabu), kapata nafasi ya shahada ya uhandisi wa elektroniki na mawasiliano, miaka minne. Hapa nyumbani Tanga kila anayekuja kutupongeza anauliza lilelile: "Yaani miaka yote hiyo ni kujifunza kutengeneza redio?" Baba mdogo ndiye kazidi, anasema apelekwe kwa fundi pale Ngamiani miezi mitatu wamalizane.

Mimi nimesoma uhasibu, sina la kumjibu. Orodha ya masomo ninayo: saketi, elektroniki ya analojia na ya dijitali, signali na mifumo, sumakuumeme, antena, mifumo ya mawasiliano, maikroprosesa, udhibiti, na hesabu juu yake. Maelezo ya chuo nimeshayasoma, hayanisaidii. Nataka aliyepita huko aseme lipi lilimtoa jasho na lipi analitumia leo. Tiririkeni.

Mgosi_wa_Lushoto
Hesabu. Kwaherini.

Mgosi_wa_Lushoto
Haya, narudi, maana mtasema nina dharau. Asidhani kalkulasi ya kidato cha sita itamvusha. Fourier na Laplace, zile hesabu za kugeuza signali ya wakati iwe ya masafa, zitamfuata kila somo: saketi zimo, udhibiti zimo, mawasiliano zimo. Darasani kwetu wengi waliopigwa sapu (mtihani wa marudio) hawakushindwa elektroniki. Walishindwa hesabu iliyojificha ndani yake. Semista ya kwanza asiende disko.

Nanga_Juu
Kwangu ni sumakuumeme na antena. Nililichukia hilo somo. Mhadhiri anajaza ubao milinganyo ya Maxwell, ile ya umeme na sumaku, anageuka, "mmeelewa?", darasa zima linaangalia viatu.

Sasa nahudumia redio za vyombo vya baharini. Chaneli 16, ile ya kuitana na ya dharura, iko megahezi 156.8, yaani mitetemo milioni 156.8 kwa sekunde. Chukua kasi ya mwanga ugawe kwa hiyo, unapata wimbi la mita 1.9, na robo yake ni sentimita 48. Ndiyo maana mjiti wa antena ya robo wimbi ni mfupi vile na hakuna anayeukata kwa kukisia.

Kuna nahodha wa boti za Pemba alinijia analalamika: anawasikia wa karibu tu, na akiita hajibiwi. Aliyetangulia alishamwambia tatizo ni waya, kwamba kafungiwa waya wa TV wa ohmu 75 wakati redio inataka 50. Ni kweli haviendani. Lakini piga hesabu: kwenye kiungo kimoja cha 50 na 75 kinachorudi nyuma ni asilimia 4 ya nguvu, na hata ncha zote mbili zikikutana vibaya kabisa haifiki asilimia 15. Hiyo haiwezi kuinyamazisha redio ya wati 25. Nikapanda mlingotini, nikafungua koneta, kile kiungio cha waya: maji ya chumvi yameshaingia, shaba imekuwa kijani mpaka ndani ya waya. Nahodha alikuwa na hela mkononi tayari kununua waya mpya, na angeufunga kwenye koneta ileile.

Kwa hiyo mwambie baba mdogo, fundi wa miezi mitatu atajua kwamba 50 na 75 haviendani. Haviendani *kwa kiasi gani*, hilo ndilo analoendea chuo.

BintiMakorora
Nanga_Juu umenena. Mimi ni signali na mifumo, na sikulielewa darasani, nililielewa barabarani. Mwambie mdogo wako arekodi kwa simu baiskeli inayopita, na kwa Tanga baiskeli hatafuti. Kamera ikiwa inapiga picha 30 kwa sekunde na gurudumu lina spoku 36, mwendo ukiwa kama kilomita 6 kwa saa spoku zitaonekana zimesimama. Ukipungua kidogo, zinarudi nyuma! Baiskeli inakwenda mbele, spoku zinarudi.

Kinachotokea ni kwamba kamera haioni mwendo mzima, inachukua sampuli, na sampuli zikiwa chache signali inakudanganya. Kanuni inasema sampuli zizidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa uliyonayo. Sauti ya simu ya kawaida inakatwa kwenye hezi 3,400, kwa hiyo wanachukua sampuli 8,000 kwa sekunde, kila moja biti 8, unapata biti 64,000 kwa sekunde. Sikio linasikia hadi hezi 20,000 hivi, ndiyo maana CD ya muziki ni sampuli 44,100. Namba zote hizo zilikuwa kwenye daftari langu muda mrefu, nimezikariri tu.

Leo nafanya kazi ya matangazo ya televisheni. Mnakumbuka analojia ilipozimwa Dar mwisho wa 2012, mikoa ikafuata, watu wakagombania ving'amuzi? Masafa yaliyokuwa yanabeba kituo kimoja yakaanza kubeba vituo kadhaa, kwa sababu picha ikishakuwa namba unaweza kuibana. Kilichomo ndani ya king'amuzi ni hilo somo pamoja na mawasiliano ya dijitali.

SemaKweli
Mnampamba mno. Semeni na haya: chuo nilichosoma osiloskopu, zile mashine za kuonyesha umbo la signali kwenye kioo, zilikuwa za kugombania, mmoja anashika, wengine tunachungulia begani. Maikroprosesa tulifundishwa 8085, kidude cha 1976! Nimetoka, kazini naulizwa maikrokontrola za kisasa, natoa macho.

Mgosi_wa_Lushoto
@SemaKweli la maabara nakuunga mkono. La 8085 hapana. Ni ndogo kiasi kwamba unaweza kuishika yote kichwani: rejista hizi hapa, kumbukumbu ile pale, ikikatizwa kazi inaweka wapi anwani ya kurudia. Ukishaiona hiyo, za leo ni ukubwa tu. Na maikrokontrola ya kujifunzia nyumbani bei yake haifiki ya simu ya kitochi. Anunue, awashe taa, aongeze kihisi joto, aendelee.

Fundi_Mzee_Ngamiani
Vijana salaam. Nimeitwa na mjukuu wangu nisome, eti mafundi wa Ngamiani tunasemwa.

Baba mdogo huyo namheshimu, ila amekosea. Mimi nimetengeneza redio tangu za mkulima mpaka hizi za Kichina. Redio nyingi za AM ukizifungua unakuta vikopo vidogo vya koili, chekundu, cha njano, cheupe, cheusi. Chekundu ni cha osileta, saketi inayotengeneza wimbi lake yenyewe ndani ya redio. Vingine unavizungusha taratibu mpaka sauti ijae, na vyote vinataka kilohezi 455. Nilifundishwa hivyo na nikawafundisha wengine hivyo. Kwa nini 455? Hakuna aliyeniuliza.

Akaja kijana wa chuo kufanya mafunzo kwa vitendo hapa kwangu. Kulehemu hajui, mkono unamtetemeka. Lakini akaniuliza mbona stesheni moja inatokea mahali pawili. Nikamwambia redio mbovu. Akasema hapana mzee, akachukua kalamu: ukitaka stesheni ya 1000, osileta inapiga 1455, na tofauti yake ndiyo 455. Sasa 1910 ukitoa 1455, je? Nayo ni 455! Kwa hiyo stesheni ya 1910 inasikika pia kwenye 1000, na redio haiwezi kuzitofautisha, mpaka ile saketi ya mbele karibu na antena iichuje mapema. Tukaiweka sawa ile ya mbele, mzimu ukapotea. Nilicheka siku nzima.

Nikamfundisha kulehemu. Tumelipana.

BintiMakorora
Shikamoo mzee wangu. Hiyo ni wiki mbili za elektroniki ya mawasiliano umeimaliza kwa kikopo cha njano.

Fundi_Mzee_Ngamiani
Marahaba mwanangu.

Vumbi_la_Saruji
Udhibiti, kiwandani. Nitasema moja. Vihisi vingi hutuma kipimo kwa mkondo wa miliampia 4 hadi 20. Kwa nini isianze sifuri? Kwa sababu sifuri maana yake waya umekatika. Ikianza na 4, joto la chini kabisa na waya uliokatwa na panya ni vitu viwili tofauti, na mtambo unajua. Yanayobaki kwenye udhibiti ni kupambana na kuchelewa: unaongeza moto sasa, joto linapanda baadaye, wewe umeshaongeza tena, na linapita juu. Anayeona hesabu za Laplace hazina kazi aje zamu ya usiku.

Mnara_Mrefu
Nimekaa kimya nasoma. Mimi ni wa minara ya simu, huku mpaka Horohoro, ambako ukizubaa simu inajihamishia mtandao wa Kenya na salio linakwenda.

Somo langu ni mifumo ya mawasiliano pamoja na nadharia ya uwezekano, ambayo watu huipuuza. Mwanahisabati Claude Shannon alionyesha mwaka 1948 kwamba kila njia ina kikomo, na kikomo hicho kinatokana na upana wa masafa na uwiano wa signali na kelele. Njia ya megahezi 20, signali ikiizidi kelele mara 100, kikomo ni kama megabiti 133 kwa sekunde. Mteja anapiga simu amekasirika, "ongezeni spidi". Siwezi kumwambia habari za Shannon, lakini najua kama tatizo langu ni upana au ni kelele, na dawa zake ni mbili tofauti. Halafu megahezi 900 inafika mbali kuliko 1800, hilo kila fundi wa mnara analijua. Wachache wanakumbuka limetoka kwenye karatasi za antena.

Kwa mdogo wako: mafunzo ya vitendo asiende kukaa ofisini kwenye kiyoyozi. Apande.

Mwana_Raskazone
Wakuu, sina la kusema. Nimemsomea baba mdogo post ya mzee, kanyamaza, halafu kauliza chuo kinafunguliwa lini. Dogo anauliza: anunue nini kabla hajaondoka?

SemaKweli
Multimita, kipimo cha volti, mkondo na ohmu. Ya bei ya kati, isiwe ile ya njano ya bei ya chee. Na kalkuleta inayokubali namba changamano, hiyo asiikose, saketi za mkondo geu zote zinaitaka.

Pangani_Kwetu
Samahani kwa kutoka nje ya mada. @Nanga_Juu, hiyo koneta ya nahodha uliibadilisha kwa ipi? Zetu huku Pangani zinakufa kila zinapopita mvua za masika.

Nanga_Juu
PL-259 ileile ya kawaida, ndugu yangu. Kata waya wote uliogeuka kijani, usionee huruma, mpaka ufike shaba safi. Lehemu vizuri, kisha zungushia ule utepe wa mpira usio na gundi unaoungana wenyewe ukivutwa, anzia chini kwenda juu ili maji yateleze kama kwenye makuti. Utepe wa umeme wa kawaida peke yake hapana, jua linauachia. Na waya acha kitanzi kidogo chini ya koneta, maji yadondokee hapo.