Nilikula fedha za kwaya, nimeungama, ila nashindwa kurudi kanisani

Nyuma ya Mlango:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimekuwa msomaji tu hapa, leo naomba mnisikilize.

Nilikuwa mweka hazina wa kwaya kwa miaka 6. Mwaka jana nilibanwa, nikachukua kidogo kwenye sanduku nikijiambia mwisho wa mwezi narudisha. Nikarudisha kweli. Mara ya pili nikarudisha nusu. Baada ya hapo nikaanza kuandika hesabu za daftari kwa penseli, mwenye kuelewa ataelewa. Siku mwenyekiti alipoliomba daftari, kifutio kilikuwa mfukoni mwangu. Hicho kifutio kinaniaibisha hadi leo kuliko fedha zenyewe.

Niliungama mbele ya mchungaji na viongozi. Wakanisamehe, wakanivua uongozi, tukakubaliana nilipe kidogo kidogo. Huu mwezi wa 5 sijakanyaga kanisani. Nikipiga magoti maneno hayaji. Naambiwa "Mungu ameshakusamehe, songa mbele". Kichwani naamini, moyoni hakuingii kitu. Aliyepita hapa alirudije?

Mbarikiwa Daima:
Amina mpendwa! Mwenye haki huanguka mara 7 akainuka tena, Mithali 24:16. Inuka!!

Kauka Nikuvae:
Mstari ni wa kweli, ila tusiurushe kama pole ya kupita njiani. Ndugu, nikuulize bila kuzunguka: unalipa? Zakayo aliahidi kurudisha mara 4 (Luka 19:8). Kama umeacha, kinachokuziba mdomo ukipiga magoti huenda ni deni tu.

Nyuma ya Mlango:
Umenipata. Miezi 3 nililipa, hii miwili nimesimama. Si kwamba sina. Mweka hazina mpya ni binti niliyemfundisha mimi mwenyewe kutunza daftari. Nitamtazamaje usoni?

Bibi Zaburi:
Mwanangu, pole. Kauka amesema sawa, lakini kumbuka Yuda naye alirudisha vipande vyote 30, akakiri amekosa, kisha akaenda zake peke yake (Mathayo 27). Kinachonitia hofu kwako ni huo upweke kuliko deni.

Sasa mtazame Petro. Usiku wa kumkana Bwana alikuwa anaota moto wa makaa (Yohana 18:18). Sura ya 21, Bwana amefufuka, yuko ufuoni, na hapo tena pana moto wa makaa, samaki juu yake. Neno hilo la Kigiriki, moto wa makaa, katika Agano Jipya lote liko sehemu hizo 2 tu. Mimi nadhani moshi ulimchoma Petro kabla ya swali lolote. Na hakuulizwa kwa nini alimkana. Alilishwa kwanza, kisha akaulizwa kama anampenda, mara 3, na ya tatu ilimuuma. Bwana hakumpitisha mbali na ule moto.

Moto wako wewe ni hilo daftari, mwanangu. Soma pia Luka 22:32. Kabla Petro hajaanguka alishaombewa, akaambiwa "utakapoongoka". Hakuambiwa "ukiongoka".

Na unalala? Eliya alipotaka kufa, malaika alimpa chakula, akalala tena. Mahubiri yalikuja baadaye.

Fundi Kimya:
Mimi yangu ilikuwa pombe, kanisa zima lilijua. Sikurudi Jumapili. Nilirudi katikati ya wiki, kwenye maombi ya watu wachache, nikakaa karibu na mlango. Maneno yalikuwa yameisha, nikawa nasoma Zaburi ya 51 kwa sauti ya chini. Maneno ya Daudi, koo langu.

Ila usitegemee kurudishiwa ufunguo wa sanduku, huenda usiupate kamwe. Marko aliwaacha wenzake safarini, Paulo akakataa katakata kwenda naye tena (Matendo 15:38). Baadaye sana ndipo Paulo anaagiza aletwe, kwamba anamfaa (2 Timotheo 4:11). Hapo katikati ni miaka.

Nyuma ya Mlango:
Bibi, silali vizuri. Nimesoma sura ya 21 mara mbili usiku huu.

Asubuhi nimempigia yule binti, nikamwambia naleta ya miezi miwili. Kanyamaza kidogo, kisha: "Sawa kaka, njoo Alhamisi kabla ya mazoezi. Ila saini utaweka kwa kalamu ya wino."

Sijui alikuwa ananitania. Nilicheka, halafu nikalia nikiwa bado nimeshika simu. Alhamisi naenda.