Nimeitwa intavyu alhamisi, haya maswali ya "jieleze" na "udhaifu wako" mnayajibuje?

stookipa:
Wakuu habari zenu. Nimeitwa usaili alhamisi hii, nafasi ni msaidizi wa stoo na manunuzi, kampuni siyo kubwa sana. Kazi yenyewe naijua, utunzaji wa stoo ndo kazi ninayofanya mpaka leo. Shida yangu ni mdomo. Wakisema tu "tuambie kidogo kuhusu wewe" mimi naanzia shule ya msingi, katikati hapo naona kabisa watu wameshachoka, halafu likija la udhaifu naganda. Na lile la miaka 5 ijayo unajiona wapi sijui hata wanatakaga nini, nikisema nataka kuwa meneja si itaonekana nakitolea macho kiti cha bosi?

Nimepakua mtandaoni maswali 50 na majibu yake, nayakariri ila nikijisikiliza naona kama mtoto anaghani shairi. Waliowahi kukaa upande wa pili wa meza naomba msaada. Natanguliza shukrani.

Bi_Rasilimali:
Hayo 50 yafute leo leo. Mimi niko HR (rasilimali watu), kukaa kwenye paneli ya usaili ni sehemu ya kazi yangu, na hayo majibu tunayajua kuliko nyie mnaoyakariri. Mtu akishasema "udhaifu wangu mimi napenda kila kitu kiwe sawa asilimia mia" tunatazamana tu, tunasubiri amalize.

Ngoja nikupe picha ya upande wetu. Sehemu zinazojielewa paneli inakuwa na karatasi ya alama, wasailiwa wote wanaulizwa maswali yaleyale, na kila msaili anaandika alama zake kabla hatujaanza kujadiliana. Siyo urasimu huo. Watafiti Schmidt na Hunter mwaka 1998 walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, usaili uliopangiliwa namna hiyo ukaonekana unabashiri utendaji wa mtu vizuri kuliko ule wa kupiga stori tu, na Sackett na wenzake walipozirudia hesabu mwaka 2022 ndio ukakaa juu kabisa. Sasa kwako maana yake ni kwamba nimekaa pale na kalamu natafuta cha kuandika. Ukiniambia "mimi ni mchapakazi na naweza kufanya kazi kwenye presha" sina cha kuandika, kila aliyeingia amesema hivyo.

"Jieleze" haihitaji zaidi ya dakika mbili, sasa hivi unafanya nini, nyuma umepitia nini kinachohusiana na hii kazi, kwa nini umeiomba. Kwa mfano:

"Kwa sasa ni mtunza stoo, napokea mzigo, nauhakiki na oda, natoa vifaa kwa mafundi kwa fomu na kila mwisho wa mwezi nahesabu stoki nalinganisha na leja. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa ghala. Nimeomba hapa kwa sababu tangazo lenu limeunganisha stoo na manunuzi, na mimi manunuzi nimeishia kuandaa maombi tu, nataka niingie ndani zaidi."

Ukifika hapo nyamaza. Wengi wanaharibu kwa kuogopa ukimya, wanaongeza maneno mpaka wanaanza kujikanusha wenyewe. Kuhusu ukarani mimi nimetunga, weka ya kwako ya kweli.

chuma_chakavu:
Bi Rasilimali umeongea vizuri ila hizo karatasi za alama ni kwa wenye bahati. Kuna sehemu unamkuta mwenye kampuni mwenyewe, simu inaita kila dakika, CV yako hajaifungua, anakuuliza "enhe wewe unaweza nini". Hapo usisubiri swali zuri, beba mwenyewe mambo mawili matatu unayotaka ayajue na uyatoe kwa swali lolote litakalokuja.

Bi_Rasilimali:
Sikatai, zipo nyingi tu. Lakini maandalizi ni yaleyale. Hata huyo wa simu ukimpa tukio moja la kweli atalikumbuka.

mpole_mkali:
Hapo kwenye tukio ndipo penyewe. Usiandae majibu andaa matukio, matano au sita ya kazini kwako yanatosha. Lile ulipogombana na mtu mkayamaliza, lile ulipokuta kitu hakiendi ukakirekebisha, lile mambo yalipoharibika, lile ulipofanya kazi na muda mfupi. Kila tukio lipange hivi: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini, kikatokea nini. Tukio moja linaweza kujibu maswali manne tofauti, ndo maana siyo lazima ujue wataulizaje. Na uyasemee kwa sauti, siyo kusoma kimoyomoyo, jirekodi kwenye simu ujisikilize hata kama unaona aibu, kichwani kila mtu ni msemaji mzuri.

Halafu hebu tutupie moja hapa tulione.

stookipa:
Sawa mkuu, hii hapa. Kuna kipindi kulikuwa na changamoto ya upotevu wa stoki, tukakaa kama timu tukashirikiana tukaboresha mfumo na hali ikawa nzuri.

mpole_mkali:
Sasa mkuu hapo umesema nini? Stoki ya nini, ilipungua kiasi gani, nani aligundua, mfumo mliboresha vipi? Na hiyo "tukakaa, tukashirikiana" yote, wewe ulikuwa wapi? Najua unaona kusema "mimi" ni kujisifu ila hawaiajiri timu nzima. Rudia, andika kama unavyomsimulia mshkaji.

stookipa:
Haya. Leja ilikuwa inaonesha madebe 40 ya oili, nikahesabu kwenye rafu nikakuta 31. Nikakaa na fomu za mwezi mzima nikaona mchana hesabu inabalansi, shida iko usiku, mafundi wa zamu wanachukua wanasema fomu tutajaza asubuhi halafu asubuhi wanaenda zao kulala. Nikaweka daftari palepale mlangoni, anayechukua anaandika na msimamizi wa zamu anasaini, asubuhi mimi nikiingia kitu cha kwanza nahamishia kwenye leja. Mwanzoni walinuna kweli, mmoja akasema nawaita wezi, nikamwelekeza kwamba hilo daftari linamlinda yeye pia maana hesabu ikipungua wa usiku wote wanashukiwa. Mwezi uliofuata tofauti ilikuwa debe moja tu.

Bi_Rasilimali:
Unaona! Hapo nina cha kuandika mpaka karatasi ijae. Na hilo la aliyenuna lishike vizuri, wakikuuliza "umewahi kutofautiana na mwenzako kazini" jibu unalo tayari.

chuma_chakavu:
Hii kali. Mimi ningekuajiri kwa hili daftari tu.

stookipa:
Asanteni sana kwa kweli. Bado udhaifu na lile la miaka 5.

chuma_chakavu:
Udhaifu usijiingize kwenye mtego mkuu, taja kitu kidogo kisichohusiana na kazi upite.

Bi_Rasilimali:
Hapana, hapo napinga. Ukitaja kisichohusiana tunakuuliza tena, mara ya pili ndo unaganda vizuri. Taja kitu cha kweli cha kazini ila kisiwe roho ya kazi yenyewe. Mtunza stoo akisema hesabu zinamchanganya amejifukuza mwenyewe. Ila ukisema "kompyuta nilikuwa natumia kwa kuandika tu, jedwali lenye fomula lilikuwa linanishinda, sasa hivi najifunza na ripoti ya mwezi nimeanza kuiandaa humo" hiyo imekaa, mradi iwe kweli maana wanaweza kukugeuzia kompyuta palepale ufungue. Tunachopima ni kama unajijua na kama unafanya kitu kuhusu hilo.

Miaka 5 hawategemei unabii. Wanataka kujua kama hii kazi ina maana kwenye safari yako au unapita tu. Sema unataka uwe mtu anayeweza kusimamia manunuzi toka ombi mpaka mzigo kuingia stoo, hapo hujagusa kiti cha mtu.

mpole_mkali:
Wakiuliza kwa nini unaondoka ulipo, bosi wako hata awe nani usimseme. Ongelea unakoenda.

Na mwisho watasema "una swali?", usiseme sina. Uliza mtu wa nafasi hii miezi mitatu ya kwanza anatakiwa awe amefanikisha nini. Majibu yao yanakuonesha kama kazi yenyewe wanaielewa au wanatafuta mtu wa kumtupia mizigo yote.

stookipa:
Nimeelewa wakuu. Moja la mwisho, mshahara. Wakiniuliza nataka shilingapi nitaje au niwaachie wao?

chuma_chakavu:
Usitaje kwanza, anayetaja kwanza kaliwa.

Bi_Rasilimali:
Hiyo kanuni inaumiza watu. Ukisema "nitapokea mtakachonipa" utapewa hichohicho. Nenda umeshaulizia watu wa kazi kama hiyo wanalipwa kiasi gani. Unaweza kuwauliza kwanza bajeti ya nafasi imepangwaje, wakikataa kusema taja kuanzia kiasi hiki mpaka hiki, na kile cha chini kiwe ambacho kweli ukipewa utaenda, maana mara nyingi wanakamata hichohicho cha chini. Na uulize ni kabla ya makato au ni cha kuondoka nacho, watu wanasaini wakidhani ni cha mkononi.