Bayo ya stejini, ipi kati ya hizi tatu? (napiga ilimba ya umeme)

Chuma_Kinalia
Wakuu habari zenu. Kuna tamasha wanataka niwatumie bayo (yale maelezo mafupi ya msanii) ya maneno kama 150, wataiweka mtandaoni na hiyohiyo emsii ataisoma kabla sijapanda. Tabu ni kwamba muziki wangu hauna kabati la kuuweka: napiga ilimba ya Kigogo, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, nimeibandika maiki ndogo inaingia kwenye pedali ya gitaa ile ya kukwaruza sauti, mguu mmoja unagonga kreti la soda, naimba Kigogo nachanganya na Kiswahili cha mtaani. Nimeandika tatu, hizi hapa mianzo yake, chambueni na msinionee huruma.

A: "Chuma Kinalia ni mwanamuziki wa kipekee mwenye kipaji kikubwa kutoka Dodoma. Alianza kupenda muziki akiwa na umri mdogo. Kazi zake zinachanganya asili na usasa na kugusa watu wa rika zote."

B: "Ndimi Chuma, mjukuu wa ukame! Wa kwanza chini ya jua kuivisha ilimba umeme! Nikigusa chuma kimoja mbuzi wa Kongwa wanageuka, nikigusa viwili mvua inauliza njia!"

C: "Ilimba ya Chuma ina vyuma vya mwavuli na inapita kwenye pedali iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa la roki. Mguu wa kulia unapiga kreti la soda. Chumba cha kwanza alichopanga aliombwa ahame, sasa anakaa jirani na mashine ya kusaga na hakuna anayelalamika."

mzee_wa_lainapu
A tupa kule. Mimi nimewahi kukaa na watu wanaochagua wasanii na nakwambia kila bayo inasema "wa kipekee", sasa wote wakiwa wa kipekee si ndo mmefanana? Na hiyo "umri mdogo", nani kaanza kupenda muziki na miaka 60.

Chukua C. Angalia Konono N°1 wa Kinshasa, wale jamaa wa likembe, ndugu yake ilimba. Dunia ilipowajua 2004 na albamu ya Congotronics kila aliyewaandika alianzia palepale, kwamba Mzee Mingiedi alitengeneza maiki mwenyewe kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari. Basi, mtu akishasoma hivyo anataka kusikia hiyo sauti ikoje, hahitaji kuambiwa ni ya ajabu.

Darajani_kwetu
Mie sikubaliani, tena hata kidogo. C nzuri ya kusoma na macho ila wewe umesema emsii ataisema mbele ya watu, sasa hebu jisomee kwa sauti "pedali iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa la roki" uone kama ulimi haukugomi. B inasemeka! Watu wa kwetu wamezoea msanii kujitamba, na msanii asiyejitamba watamwona kaja kuomba maji.

Na chumvi kidogo haijamuua mtu. Bi Kidude hakuna aliyekuwa na hakika na umri wake, kila ukisoma habari zake unakuta mwaka mwengine wa kuzaliwa, na ile ikawa sehemu ya Bi Kidude mwenyewe, watu wanakwenda kumwona bibi asiyejulikana miaka anapiga ngoma ya msondo na sigara mkononi. Remmy Ongala naye hadithi ya kuzaliwa na meno imemfuata mpaka mwisho, na rasta zile zikaingia humohumo.

mzee_wa_lainapu
@Darajani_kwetu ndugu yangu hapo umenisaidia mimi. Hao wote hawakutungiwa maneno makubwa, kuna kitu chenyewe kinachoonekana: ngoma, sigara, rasta, meno. Mbuzi wa Kongwa kugeuka nani kaona?

Darajani_kwetu
Mbuzi nawapenda wale usiwaguse 😂

nyar_ziwani
Mimi niko huku Kisumu na naona mnapigania kitu moja bana. Tumia C kwa tovuti, B ikate mistari miwili umpe emsii, kwani lazima ziwe sawa? Wakikuuliza waambie ya kusoma ni hii na ya kusema ni hii, hakuna mtu atakataa kazi imerahisishwa.

Halafu weka venye umefika hapo. Ayub Ogada, yule Mkenya, kabla atoe albamu ya En Mana Kuoyo 1993 alikuwa anapiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, kwa stesheni za treni za chini kule London, hiyo sentensi peke yake inakuonyesha mtu amebeba nyatiti kwa ngazi na watu wanakimbilia kazi. Wewe umeanzia wapi? Harusi? Stendi? Kanisani? Hiyo ndiyo naikosa kwa zote tatu.

mjukuu_wa_marimba
Nimechelewa ila hakuna aliyeshika hili: "wa kwanza chini ya jua kuivisha ilimba umeme" ITOE LEO. Hukwe Zawose, yule mkongwe wa muziki wa Kigogo, alitoa albamu ya Assembly na Michael Brook 2002, ilimba na zeze humo ndani na magitaa na mitambo ya yule mzungu, na ilitoka lebo ya Real World, sio kanda ya kufichwa uvunguni. Mtu yeyote wa tamasha anayejua muziki wa Wagogo atakuwa anaijua, akisoma "wa kwanza" anafunga ukurasa. Mimi ningemtaja Zawose kabisa, sema unapiga chombo kilekile ila wewe umekipeleka kwenye makelele. Ukijipanga nyuma ya mtu mkubwa unaonekana vizuri zaidi kuliko ukijifanya hakuwepo.

Chuma_Kinalia
Hiyo ya "wa kwanza" nimeshaifuta, asante. @nyar_ziwani nilianzia mnadani, napiga pembeni ya wauza mitumba, wananilipa nivute wateja. Kuna mshkaji ananishauri niweke na maisha magumu, kwamba wazungu wanapenda. Nyie mnaonaje?

mzee_wa_lainapu
Hapo kuwa makini sana. Staff Benda Bilili nao wa Kinshasa, wengi wao polio iliwapata utotoni, walikuwa wanapiga wakiwa kwenye baiskeli za magurudumu matatu, na yule kijana Roger alikuwa na satonge yenye uzi mmoja na kopo tupu. Ukweli upo wazi huwezi kuuficha, lakini bayo ikianza na huruma hadhira inakuja imekunja mikono kukuhurumia, nani atacheza sasa? Mnada weka maana ni kazi, ulilipwa kwa kelele zako. Njaa iache nyumbani.

nyar_ziwani
Mnada na mitumba!! Na ulikuwa unatuficha. Hiyo inakaa sentensi ya kwanza, mambo ya pedali ifuate.

Chuma_Kinalia
Haya jaribio: "Chuma alianza kwa kulipwa na wauza mitumba wa mnadani Dodoma apige kelele wateja wasogee. Chombo ni ilimba, ileile aliyoipiga Hukwe Zawose, ila hii ina vyuma vya mwavuli na inapita kwenye pedali ya gitaa. Mguu wa kulia uko kwenye kreti la soda. Anakaa jirani na mashine ya kusaga." Na ya emsii: "Mjukuu wa ukame! Akigusa chuma kimoja mbuzi wa Kongwa wanageuka, akigusa viwili mvua inauliza njia!"

Darajani_kwetu
Mbuzi wamepona, mie nimeridhika.

FundiMitambo_Mwanza
Mimi wa sauti sina neno na bayo ila hilo kreti linataka maiki yake na umeandika kwenye bayo tu. Kwenye karatasi ya mahitaji weka wazi: maiki moja chini kwa kreti, DI moja (kile kiboksi cha kuunganisha chombo na mitambo) ya ilimba, na kreti unakuja nalo au tukutafutie? Tupu au na chupa? Maana hizo ni sauti mbili tofauti.

Chuma_Kinalia
Tupu mkuu, nakuja nalo.