Kutoka jimnastiki kwenda miruko ya skii: aanzie wapi?

Muulizaji: Wakuu, naomba maarifa. Kijana ana miaka 17, jimnastiki ameimudu, vichwangomba viwili kwenye trampolini anapiga bila kuyumba. Anataka kuingia skii za mitindo huru, upande wa miruko ya angani, yaani kupaa kutoka kirukio (kilima cha theluji kinachokurusha) na kupiga vichwangomba hewani, lakini skii hajawahi kuvaa. Je, amechelewa?

Jibu 1: Hajachelewa. Lydia Lassila wa Australia naye alitokea kwenye jimnastiki, akachukua dhahabu ya Olimpiki Vancouver 2010 na shaba Sochi 2014. Ila kinachowakwamisha wengi wa aina hii ni theluji, hewani wako sawa. Msimu wa kwanza ateleze tu: moja kwa moja, skii sambamba, mwendo mkali, hadi miguu itulie. Kirukio cha vichwangomba vitatu kina kimo cha mita 4 hivi na mdomo wake, yaani ukingo wa juu unakopaa, umesimama karibu nyuzi 70. Skii zikicheza pale chini, mwili unapaa ukiwa umeshapinda, na hewani hakuna cha kushika ili ujinyooshe.

Jibu 2: Naongezea kosa la wanajimnastiki: wanaruka! Wamezoea kusukuma sakafu kwa miguu. Kwenye kirukio unasimama wima, mikono juu, tumbo limekazwa, kirukio chenyewe kinakurusha. Ukikunja magoti kinakukunja zaidi. Na asianze kujizungusha kabla skii hazijaachana na mdomo, maana atapaa ubavu.

Hatua ni trampolini, kisha maji, kisha theluji. Kiangazi anarukia bwawani kutoka kirukio kilichotandikwa brashi za plastiki na kunyunyiziwa maji, akiwa na skii, helmeti na jaketi la kuelea. Hewa hupulizwa kutoka chini ya bwawa ili maji yalainike. Mruko ambao haujatulia majini usipelekwe kwenye theluji, hata kama mashindano yako kesho.

Muulizaji: Asanteni. Majeraha yanatokea wapi hasa?

Jibu 3: Goti, na sababu kubwa ni kutua ukiwa umeegemea nyuma. Mikia ya skii inagonga kwanza, kiatu kigumu kinasukuma mfupa wa muundi mbele, kano iliyo katikati ya goti inakatika. Mara nyingi chanzo ni kasi: ukiingia polepole unatua juu, pasipo na mteremko wa kutosha; ukizidisha unapitiliza hadi sehemu bapa ya chini. Ndiyo maana wanafanya mitelezo ya kupima kabla ya kuruka, kocha ameshika rada, na mahali pa kuanzia panasogezwa upepo au theluji ikibadilika. Eneo la kutua nalo lazima lichimbuliwe kwa koleo. Likiganda, msiruke.

Jibu 4: Mjue na hesabu za majaji, zitamzuia kukimbilia ugumu. Kila jaji ana pointi 10: kupaa 2, umbo 5, kutua 3. Majaji ni 5, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, zinazobaki 3 zinajumlishwa na kuzidishwa kwa namba ya ugumu wa mruko. Mruko wa ugumu 3.5 ukipata 27 ni 94.5. Wa ugumu 4.0, akianguka na kupoteza 2 kwa kila jaji, unabaki 21 mara 4, yaani 84. Kwenye mashindano ya ngazi za chini, kama Kombe la Ulaya, anayetua kila mara ndiye anayekusanya pointi za kumfikisha Kombe la Dunia.