Dare au Upstairs at Eric's, nichukue ipi?

Mpenda_Vinanda
Wakuu habari zenu, nataka santuri moja ya sinthipopu (pop ya vinanda vya umeme) ya miaka ya themanini, hela inatosha moja tu. Nimebaki na Dare ya Human League (1981) na Upstairs at Eric's ya Yazoo (1982). Ipi inasikilizika leo mwanzo mpaka mwisho?

Besi_Nzito
Dare, wala usijiulize. Albamu nzima haina gitaa, ngoma zinatoka kwenye Linn LM-1, mashine ya ngoma ya kwanza kutumia sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa, na prodyuza Martin Rushent hakurundika vitu, kila mlio unausikia ulipo. Halafu juu ya mashine zote hizo kuna mwimbaji wao Philip Oakey na wale mabinti wawili, Joanne na Susan, aliowaona wanacheza disko Sheffield mwaka 1980 wakiwa bado wanafunzi, waimbaji hata hawakuwa, sasa Susan akiingia kwenye ubeti wake wa Don't You Want Me unamwamini kabisa, anamjibu yule mwanaume anayeimbwa na Oakey kama mtu aliyeshachoka kweli. Fundi wa kuimba angeuharibu ule wimbo.

dada_wa_kanda
Kwenye sauti nakataa mkuu. Alison Moyet, mwimbaji wa Yazoo, ana sauti ya bluzi, iweke juu ya vinanda vya mwenzake Vince Clarke aliyetoka bendi ya Depeche Mode, aisee. Only You ina vinanda vichache tu na yeye, ikipigwa mie naacha kila kitu.

Besi_Nzito
Dada, sauti sibishi, ila kauliza mwanzo mpaka mwisho. Ule wa I Before E Except After C kwenye hiyo ya Yazoo je? Watu wanaongea tu, kanda zimekatwakatwa, nani anairudia?

dada_wa_kanda
Hiyo naruka, kweli. Lakini Midnight na Winter Kills kaziandika Alison mwenyewe na hakuna kitu Dare kinachouma vile.

Santuri_Tu
Mnajua Oakey hakutaka Don't You Want Me itolewe kama singo? Ndo maana imewekwa mwisho wa albamu. Kampuni ikang'ang'ania, ikawa namba moja Uingereza Krismasi ya 1981, mwaka uliofuata Marekani. Mleta mada chukua Dare, ukiizoea tafuta Love and Dancing ya 1982, nyimbo zilezile Rushent kazifumua upya kwa kukata tepu kwa mkono, isikilize kwa spika kubwa, sio simu.