Usafi wa kila siku wa mashine ya espreso ya wenzo: je, sabuni ina nafasi?

Mnywaji wa Alfajiri ameuliza:

Habari zenu, wapenzi wa kahawa. Kwa miaka kadhaa nilitumia mashine ya espreso ya pampu, na kila jioni nilikuwa na utaratibu mmoja: naweka kichujio kisicho na matundu, natia sabuni ya unga ya mashine za kahawa, kisha nawasha na kuzima pampu mara tano au sita hadi maji yanayomwagika kwenye trei yawe safi. Miezi miwili iliyopita nilihamia mashine ya wenzo yenye springi, yaani ile ambayo unavuta mkono wa chuma ili springi isukume pistoni na kupitisha maji kwenye kahawa, nikaendelea na utaratibu uleule bila kujiuliza mara mbili. Sasa wenzo umekuwa mzito, unalia ninapouvuta kama mlango wenye bawaba kavu, na maji yanachuruzika kwa juu, kando ya fimbo ya pistoni. Juzi nilifungua kishikio, kile chenye mpini kinachobeba kichujio cha kahawa, mara tu kahawa ilipokoma kudondoka, na machicha ya moto yakanirukia mpaka kifuani. Naomba kuelezwa ni usafi gani unaostahili kufanywa kila siku kwenye mashine ya aina hii, na kama mimi mwenyewe ndiye niliyeiharibu.

Fundi Springi amejibu:

Pole, ndugu. Kwa maelezo yako, mashine haijaharibika. Umeiosha grisi tu. Utaratibu uliouzoea ni wa mashine zenye pampu na vali ya kutolea shinikizo, kama ilivyokuwa Faema E61 ya mwaka 1961 na nyingi zilizoifuata. Pampu ikizimwa, vali hiyo hufunguka, na maji yenye sabuni hurudi nyuma kwa nguvu na kumwagika kwenye trei, yakibeba mafuta ya kahawa. Mashine nyingi za wenzo hazina njia hiyo. Ukiziba chini, maji ya sabuni hubaki yamebanwa na springi, huku yakilamba mipira ya pistoni, yaani pete za mpira za kuzuia maji yasivuje, ambayo kazi yake yote inategemea utando mwembamba wa grisi. Katika baadhi ya mashine, ukivuta wenzo tena, sehemu ya maji hayo inaweza hata kurudi kwenye boila, yaani tangi la kuchemshia maji. Kwa hiyo kichujio hicho kisicho na matundu kiweke kabatini.

Kuhusu machicha yaliyokurukia: kahawa ikikoma kudondoka haimaanishi kwamba shinikizo limekwisha. Subiri nusu dakika au zaidi, kisha zungusha kishikio kidogo sana, kwa kiasi cha upana wa kidole, usikie mlio wa hewa ikitoka. Mlio ukinyamaza ndipo ukitoe.

Baada ya hapo kazi ni ndogo, lakini ifanywe mashine ikiwa bado na joto, kwa sababu mafuta ya kahawa yakipoa hugandia chuma na kesho yake hutoa uchungu wa kuchacha. Gonga machicha yatoke, suuza kichujio kwa maji ya moto na ukipanguse kwa kidole upande wa ndani, penye mkunjo wa chini, ambapo unga hujificha. Weka kikombe kitupu chini ya kichwa cha mashine, vuta wenzo kiasi tu cha maji kuanza kushuka, na urudishe polepole bila kuuachilia. Sisitizo langu liko hapa: pasipo kahawa ya kuizuia, springi itaurusha wenzo juu kwa nguvu inayoweza kuvunja taya. Nimewahi kukoswakoswa, na tangu siku hiyo huwa nasimama upande. Malizia kwa brashi fupi kuzunguka mpira wa kuziba, na kitambaa chenye unyevu kwenye wavu ambao maji hushukia juu ya kahawa.

Bibi Birika amejibu:

Namuunga mkono Fundi, nami naongeza la bomba la mvuke, kwa kuwa hakuligusa. Mara tu maziwa yanapokuwa tayari, lipanguse kwa kitambaa chenye unyevu na ufungue mvuke kwa sekunde mbili. Usiahirishe hata kwa kisingizio cha kunywa kwanza. Boila inapopoa, mvuke uliomo hugeuka maji na kuacha ombwe, na kama mashine yako haina vali ya kuingiza hewa, ombwe hilo hunyonya maziwa yaliyobaki kwenye ncha mpaka ndani. Harufu yake haisahauliki.

Wenye mashine isiyo na springi, kama yangu, wajihadhari na jambo jingine: msinyanyue wenzo huku kishikio kikiwa kimefungwa na machicha yangali ndani yake. Pistoni ikipanda hufyonza unga wa kahawa kupitia wavu, na unga huo hukwaruza mipira kila mnapobonyeza.

Mimi pia humwaga maji ya boila kila jioni. Mvuke hutoka ukiwa safi na kuacha madini nyuma, hivyo maji yanayobaki huwa mazito kwa chokaa kuliko yaliyoingia.

Fundi Springi amejibu:

Hapo kwenye boila, Bibi, naona tofauti kidogo. Kwa boila ndogo inayojazwa kwa mkono sina ubishi, mradi imepoa kabisa. Kwenye shinikizo la bari 1 maji yake huwa na takriban nyuzi 120, na kifuniko kikifunguliwa wakati huo huchemka na kuruka yote kwa mpigo. Lakini kwa anayetumia maji laini, yaani yenye chokaa kidogo, kumwaga mara moja kwa wiki kunatosha.

Mnywaji wa Alfajiri:

Nawashukuru sana. Swali la mwisho: je, naweza kupaka mafuta ya mgando kwenye mipira ili kelele ikome?

Fundi Springi amejibu:

Hapana. Mafuta ya mgando hutokana na mafuta ghafi ya ardhini na huvimbisha aina nyingi za mipira hiyo. Mafuta ya kupikia nayo huchacha. Tafuta grisi ya silikoni iliyoidhinishwa kwa vyombo vya chakula na upake utando mwembamba, kwani ikizidi utaiona ikielea kwenye kikombe. Fungua kichwa mashine ikiwa baridi, na ufuate kijitabu chake hatua kwa hatua, kwa kuwa springi hiyo imebanwa hata wenzo ukiwa umetulia. Kama baada ya grisi maji bado yanachuruzika kwenye fimbo, basi mipira imeshachoka na inahitaji kubadilishwa. Sabuni yako usiitupe: loweka humo kichujio cha chuma cha pua mara moja kwa wiki, lakini kishikio chenye mpini wa mbao kisiingie.