Naomba ushauri: Play Store kwenye kishikwambi cha Fire 7

Habari zenu wakuu. Nina Fire 7 ya Amazon ya 2019, ile yenye RAM ya GB 1. Inatumia Fire OS 6, ambayo imejengwa juu ya Android 7.1, ila haiji na Play Store, duka la programu la Google.

Nimesharuhusu vyanzo visivyojulikana, nikaweka F-Droid (duka la programu huria), na humo nimepata VLC ya kuchezea video na KOReader. Zinapiga kazi vizuri, hasa KOReader kwa kusomea PDF usiku. Tatizo ni zile programu zinazofunguka kisha zinadai huduma za Google Play (Play Services), zinajifunga.

Najua kuna mafaili manne ya APK (mafaili ya programu za Android) ya kusakinisha kwa mpangilio: Account Manager, Services Framework, Play Services, halafu Play Store yenyewe. Ninachohofia ni hiyo RAM, maana Play Services haitulii, inafanya kazi chinichini muda wote.

Aliyewahi kufanya hivi kwenye mashine ya GB 1, bado inatumika au inakwama? Au nibaki na F-Droid, niongeze Aurora Store, ile ya kupakulia programu za Play Store bila Play Store yenyewe? Na toleo lipi la Play Services linakaa vizuri kwenye Android 7.1? Natanguliza shukrani.